Kupasha chakula moto hakuondoi sumu hii

WATU wengi huamini kwamba chakula kilicholala hakina madhara mradi kimechemshwa tena vizuri. Hiyo ni kweli nusu tu. Moto huua bakteria, lakini baadhi yao huwa wameshaacha chakulani sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni.

Mfano ni bakteria waitwao Staphylococcus aureus. Hawa hukaa puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya njema, na hujaa katika majipu na vidonda vyenye usaha. Mpishi mwenye kidonda kidoleni akikata nyama iliyoiva, bakteria huingia. Chakula kikiachwa kikiwa vuguvugu, huzaana upesi.

Sumu yao ni protini, na hutengenezwa ndani ya bakteria. Itatokaje? Protini inayopaswa kutoka huwa na kipande maalumu mwanzoni, kama anwani juu ya barua. Kipande hicho huiongoza hadi kwenye tundu dogo katika utando wa bakteria. Hapo husukumwa nje na kipande hicho hukatwa. Sumu husambaa chakulani bila kubadilisha ladha, rangi wala harufu.

Mwaka 1930, mjini Chicago, Gail Dack na wenzake walichunguza keki iliyowadhuru watu. Waliotesha bakteria waliowapata humo, wakachuja majimaji yake hadi yasibaki na bakteria hata mmoja. Waliojitolea kuyanywa waliugua. Ikawa wazi kwamba kinachodhuru ni kile bakteria wanachokitoa. Sumu hiyo huweza kustahimili kuchemshwa kwa nusu saa.

Mgonjwa huanza kutapika ghafla, kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula. Tumbo husokota, na wengine huhara. Dawa za kuua bakteria hazisaidii, kwani tatizo ni sumu. Mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Wengi hupona kwa siku moja, lakini mtoto mchanga, mzee, au yeyote asiyeweza kuzuia maji tumboni apelekwe hospitali mapema.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, na mwenye jipu mkononi asiguse chakula. Usiache chakula nje zaidi ya saa mbili. Kiweke ndani ya friji. Kama huna friji, pika kinachotosha mlo mmoja. Kilichoshinda mezani kutwa nzima kimwagwe, hata kama kinanukia vizuri.