Mvinyo wa Migomba ya Kibagabaga

Mvinyo mwekundu wa Dodoma, utokanao na zabibu za Makutupora, unajulikana kwa askari wengi, maana hapo Makutupora ipo pia kambi ya JKT. Lakini juu ya kilima cha Kibagabaga, mjini Kigali, mvinyo wa wazee ni urwagwa, na mzabibu wake ni mgomba.

Shina la mgomba huzaa mara moja likafa, ila chipukizi hulirithi, hata shamba likaweza kudumu miaka 50 na zaidi. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake hutiwa unga wa mtama. Baada ya siku mbili tatu pombe i tayari. (Mtu asiichanganye na kanyanga, ile gongo iliyopigwa marufuku nchini Rwanda: polisi wanaijua kuliko sisi.)

Nyumba zimekwisha kula mashamba mengi ya kilima hiki. Hata hivyo, adui tunayemhofia zaidi ni mnyauko wa bakteria, uliothibitishwa nchini mwaka 2005. Majani hugeuka manjano, ndizi huoza kabla ya kukomaa, na shina likikatwa hutoka usaha. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Mwanadamu huubeba kwa panga lake mwenyewe. Basi panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla halijagusa mwingine, na ua la kiume livunjwe kwa kijiti chenye panda, wala si kwa chuma, mara kichane cha mwisho kitokeapo. Askari aendaye likizo kwa wazee wake na aifanye kazi hiyo kwanza, kabla hajapokea kibuyu.