Pumzi ya Kutosha ni Kiasi Gani?

Spirometa ni mashine inayopima kiasi cha hewa anachoweza kutoa mtu na kasi anayoitoa. Mgonjwa huketi wima, pua yake hubanwa kwa kibanio, kisha huvuta pumzi mpaka mapafu yajae kabisa. Hapo hufunga midomo kwenye mrija na kupuliza kwa nguvu zake zote bila kukatisha, huku mpimaji akimhimiza: puliza, puliza, endelea! Zoezi hurudiwa mpaka yapatikane mapulizo matatu mazuri, na mawili bora kati ya hayo hayapaswi kutofautiana kwa zaidi ya mililita 150.

Namba mbili ndizo hutazamwa zaidi. Ya kwanza ni jumla ya hewa yote iliyotoka. Ya pili ni hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Njia za hewa zikiwa zimebanwa, kama ilivyo kwa mwenye pumu au ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na moshi, hewa hutoka polepole, na sehemu inayotoka katika sekunde ile ya kwanza hupungua. Mapafu yakiwa yamekakamaa au hayakukua vizuri, jumla yenyewe ndiyo huwa ndogo.

Lakini namba hizo peke yake hazimwambii daktari lolote. Jumla ya lita 2.5 ni pumzi nzuri kwa mwanamke mfupi wa miaka 65, ila kwa kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye urefu wa sentimita 180 ni dalili ya ugonjwa. Ili kutenganisha uzima na maradhi, kipimo cha mtu mmoja hulinganishwa na vipimo vya watu wengi wazima wa umri wake, jinsia yake na urefu wake. Majedwali ya ulinganisho huo ndiyo huitwa viwango rejea, na kuvitengeneza viwango vinavyomfaa mtoto wa miaka mitatu na mzee wa miaka tisini kwa pamoja ni kazi iliyochukua zaidi ya karne moja na nusu.

Majedwali mengi, majibu mengi

Mwaka 1846 tabibu John Hutchinson alichapisha mjini London matokeo ya vipimo vya watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, askari, wazima moto, wapiga chapa na wanamasumbwi. Aliwapima kwa spirometa aliyoibuni mwenyewe, akagundua mambo mawili ambayo yamesimama hadi leo: kadiri mtu alivyo mrefu ndivyo anavyobeba hewa nyingi, na kadiri anavyozeeka ndivyo hewa hiyo inavyopungua. Kipimo cha sekunde ya kwanza kilikuja baadaye sana, kwa kazi ya Mfaransa Robert Tiffeneau mwaka 1947.

Katika karne ya ishirini kila nchi, na wakati mwingine kila hospitali kubwa, ilijitengenezea jedwali lake. Huko Ulaya, jedwali lililotumika sana lilitoka kwa Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, iliyohitaji kufuatilia afya ya wafanyakazi wa migodi na viwanda. Nchini Marekani, jedwali mojawapo mashuhuri la mwaka 1981 lilitokana na Wamormoni wasiovuta sigara wa jimbo la Utah, watu 251 tu. Mwaka 1999 lilitoka lililo pana zaidi, lililojengwa juu ya watu 7,429 wa miaka 8 hadi 80.

Kasoro ya majedwali hayo ilionekana pale mgonjwa alipovuka mpaka wa umri. Watoto walikuwa na jedwali lao na watu wazima lao. Kijana mwenye pumu aliyetimiza miaka 18 aliweza kuambiwa kwamba mapafu yake yameporomoka, au yamepona ghafla, ilhali kilichobadilika ni jedwali ndani ya mashine. Jedwali la Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma lilimhesabu kila mtu wa kati ya miaka 18 na 25 kama mwenye miaka 25. Watoto walio chini ya miaka sita mara nyingi hawakuwa na jedwali lolote, na wazee wa zaidi ya miaka 80 walibashiriwa tu kwa kurefusha mstari uliochorwa kwa watu wadogo kuliko wao.

Berlin, 2008

Mwezi Septemba 2008 wataalamu wa mapafu walikutana Berlin, Ujerumani, wakaanzisha Mpango wa Kimataifa wa Utendaji wa Mapafu, unaojulikana kwa kifupi kama GLI. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Philip Quanjer wa Uholanzi, pamoja na Janet Stocks na mwanatakwimu Tim Cole wa London. Sanja Stanojevic, aliyekuwa tayari amechapisha mwaka huohuo jaribio la kuunganisha umri wa miaka 4 hadi 80 katika mlinganyo mmoja, alibeba sehemu kubwa ya uchambuzi.

Badala ya kupima watu upya, mpango uliwaomba watafiti wa dunia nzima watoe takwimu walizokuwa nazo makabatini. Vilikusanywa vipimo zaidi ya 160,000. Wavutaji sigara na wagonjwa wakaondolewa, na vilivyokuwa na kasoro vikawekwa kando. Vilivyobaki kujenga viwango vilikuwa vya watu 74,187 kutoka nchi 26. Milinganyo ikachapishwa mwaka 2012, ikihusu umri wa miaka 3 hadi 95, na jumuiya sita za kitaalamu za Ulaya, Marekani, Asia na Australia zikaidhinisha.

Ugumu wa hesabu ulitokana na mapafu yenyewe, kwa kuwa hayakui kwa mstari ulionyooka. Mtoto anapobalehe, urefu hutangulia na mapafu hufuata nyuma, hivyo uhusiano wa urefu na pumzi hubadilika kwa miaka michache. Uwezo hufika kileleni mtu akiwa katika miaka ya ishirini, kisha hushuka taratibu maisha yote. Tofauti kati ya mtu mzima wa afya na mwenzake nayo si sawa katika kila umri: ni ndogo kwa vijana, kubwa kwa watoto wadogo, na kubwa zaidi kwa wazee.

Mbinu ya Cole hushughulikia yote hayo kwa pamoja. Kwa kila umri na urefu hukadiriwa kiwango cha kati, upana wa mtawanyiko wa watu wazima wa afya, na jinsi mtawanyiko huo unavyoegemea upande mmoja. Mzazi ameshaona matunda ya fikra kama hiyo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, yenye mistari iliyopinda inayoonyesha uzito unaofaa kwa kila mwezi.

Mwisho wa asilimia 80

Kwa miongo mingi madaktari walitumia kanuni nyepesi: aliyefikisha asilimia 80 ya kiwango kinachotarajiwa ni mzima, aliye chini yake ni mgonjwa. Kanuni ya pili ilisema kwamba hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya 0.70 ya jumla, njia za hewa zimeziba. Zilikuwa rahisi kukumbuka, lakini hazikuwatendea haki wagonjwa. Uwiano ule hushuka wenyewe kwa uzee, hivyo bibi wa miaka 80 mwenye mapafu mazima huweza kupewa ugonjwa asio nao na dawa asizozihitaji. Kwa kijana wa miaka 25 mambo hugeuka: anaweza kuwa na 0.72, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kumbe kwa umri wake hicho ni kiwango cha mgonjwa.

Viwango vipya hutumia alama inayoonyesha mtu yuko umbali gani kutoka katikati ya wenzake. Alama ya sifuri humweka katikati kabisa. Alama ya −1.645 ndiyo mpaka wa chini, kwa sababu watu 5 tu kati ya 100 walio wazima huanguka chini yake. Mwongozo wa pamoja wa jumuiya za Ulaya na Marekani wa mwaka 2021 unaainisha ukali kwa alama hizohizo: kutoka mpaka huo hadi −2.5 ni upungufu mdogo, hadi −4 ni wa wastani, na chini ya hapo ni mkubwa. Alama moja ina maana ileile kwa mtoto wa chekechea na kwa babu yake.

Suala la rangi

Milinganyo ya 2012 iliwagawa watu katika makundi manne: wenye asili ya Ulaya, Wamarekani weusi, na watu wa Asia ya Kaskazini-Mashariki na Kusini-Mashariki. Likaongezwa la tano kwa wengine wote. Takwimu zilionyesha tofauti kati ya makundi, lakini hazikusema chanzo chake, na historia ya kutofautisha mapafu kwa rangi ni chafu. Katikati ya karne ya kumi na tisa, Samuel Cartwright, daktari wa Louisiana, alidai kwamba mapafu ya watumwa yana upungufu wa takriban asilimia 20, akaufanya upungufu huo kuwa hoja ya kutetea utumwa. Baadaye desturi ya kupunguza kiwango kinachotarajiwa kwa mtu mweusi, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 15, iliingizwa ndani ya mashine zenyewe.

Madhara yake ni ya wazi. Mfanyakazi mweusi aliyeharibiwa mapafu na vumbi huonekana hajapungukiwa sana, kwa kuwa tangu mwanzo ametarajiwa kuwa na pumzi ndogo. Fidia humpita, na matibabu humfikia yakiwa yamechelewa. Hili ni kosa dhidi ya haki, na kulirekebisha ni wajibu. Mwaka 2022 GLI ilitoa milinganyo isiyotumia rangi, iliyojengwa kwa kuyapa makundi yote manne uzito sawa, na mwaka 2023 jumuiya ya Marekani ya magonjwa ya kifua ikapendekeza itumike.

Nafasi ya Afrika

Katika milinganyo ya 2012, takwimu za Algeria na Tunisia ziliwekwa pamoja na za Ulaya, na Afrika kusini mwa Sahara haikuwa na takwimu za kutosha kupata mlinganyo wake. Utafiti wa Blantyre, Malawi, unaonyesha uzito wa pengo hilo. Watu wazima wa mji huo walipolinganishwa na jedwali la Wamarekani weupe, zaidi ya theluthi walionekana kuwa na mapafu madogo. Walipolinganishwa na jedwali la wenyeji, walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Hakuna jibu jepesi hapo. Jedwali la kigeni linaweza kuwaita wagonjwa watu wasio na maradhi. Jedwali la wenyeji nalo linaweza kuyahalalisha madhara, kwa sababu kama karibu kila mtu amekulia jikoni mwenye moshi wa kuni, akazaliwa na uzito mdogo, akapata nimonia utotoni au kifua kikuu ukubwani, wastani wa jamii hiyo hauonyeshi mapafu yanavyopaswa kuwa. Shirika la Afya Duniani lilikutana na swali hilohilo kwa upande wa ukuaji wa watoto. Kwa viwango vyake vya mwaka 2006 lilichagua watoto waliolelewa katika mazingira mazuri huko Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na urefu wao ukafanana kwa kiasi kikubwa. Mapafu yana tofauti zake, kwani hata uwiano wa kiwiliwili na miguu hubadilisha pumzi ya watu wenye urefu mmoja. Hata hivyo funzo ni moja: kiwango kizuri huanza na watu walioishi vizuri.

Kazi inayoendelea

GLI imeendelea na vipimo vingine. Mwaka 2017 ilitoa viwango vya jinsi gesi inavyopenya kutoka mapafuni kuingia katika damu, na mwaka 2021 viwango vya ujazo wa mapafu, vyote vikitegemea zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Barani Afrika, jumuiya ya wataalamu wa kifua ya bara zima inafundisha wapimaji, maana takwimu zilizochukuliwa vibaya haziwezi kujenga jedwali lolote.

Usahihi huanzia katika mambo madogo ya zahanati. Urefu hupimwa mgonjwa akiwa amevua viatu, wala hauulizwi kwa mdomo: kosa la sentimita 3 kwa mtoto wa sentimita 120 hubadilisha kiwango kinachotarajiwa kwa takriban asilimia 6. Umri huandikwa kwa tarehe kamili ya kuzaliwa. Spirometa hukaguliwa kwa sirinji ya lita 3. Na karatasi ya majibu inapaswa kutaja ni viwango vipi vilivyotumika, kwa sababu mgonjwa aliyepimwa kwa jedwali moja mwaka huu na jingine mwaka ujao hawezi kujua kama ni mapafu yake yaliyobadilika au ni hesabu.