Kuhifadhi Mbao za Sanduku la Mboga

Mahali ambapo ardhi ni haba, hasa mijini, mchicha na sukumawiki huweza kupandwa katika masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo. Mbao hizo hugusana na unyevu mchana na usiku, na baada ya misimu michache huanza kuoza. Hapo mwenye sanduku hushawishika kuzipaka oili chafu ya magari, kama zipakwavyo nguzo za uzio ili zisiliwe na mchwa. Yafaa kwanza aelewe kwa nini mbao huoza.

Kuoza ni kazi ya kuvu, viumbe vya jamii moja na uyoga, ambavyo hula selulosi iliyomo katika mbao. Kuvu huhitaji hewa, joto la wastani na maji. Mbao yenye unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi. Kwa hiyo ziko njia mbili za kuihifadhi: kuitia sumu au kuikinga na maji.

Njia ya kwanza haifai pale panapooteshwa chakula. Nguzo nyingi zenye rangi ya kijani zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki huchujuka kidogo kidogo hadi udongoni, na mizizi huweza kuifyonza. Kuanzia mwaka 2004, viwanda vya Marekani viliacha kutia mchanganyiko huo katika mbao nyingi za matumizi ya nyumbani. Oili chafu nayo huwa na chembe za metali kutoka katika injini, pamoja na kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi.

Njia ya pili ni kutumia mafuta yanayokauka, kama mafuta ghafi ya mbegu za kitani yasiyotiwa vikaushio vya metali. Mafuta haya hayakauki kwa kugeuka mvuke. Molekuli zake huungana na oksijeni ya hewa, kisha zikashikamana zenyewe kwa zenyewe na kuwa utando mgumu. Yapakwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine, na udongo utiwe baada ya yote kukauka kabisa. Muungano huo hutoa joto. Matambara yenye mafuta yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe, hivyo yatandazwe nje mpaka yakauke.

Utando huo hupunguza tu kasi ya maji kupenya, nao hauzuii mchwa. Kwa sababu hiyo sanduku liinuliwe juu ya mawe, litobolewe chini, na ikiwezekana liundwe kwa mbao ngumu kama mvule.

Wanafunzi wanaweza kupaka vipande vitatu vya mbao mafuta ya nazi, ya alizeti na ya kitani, kisha wakavigusa kila siku kwa majuma kadhaa na kuandika ni kipi kimekauka.