Dalili za Ugonjwa Zionekanazo Katika Sikio

Waswahili wana neno *ndewe*, yaani ncha laini ya chini ya sikio, hasa ile itogwayo ili kutiwa pambo. Juu ya ndewe hii matabibu wameandika mengi, na kwa kuwa walimu na mapadre huulizwa habari zake, twaona yafaa kueleza lililo kweli.

Mwaka 1973 tabibu wa Marekani, Sanders T. Frank, alieleza kwamba wagonjwa wake kadhaa wenye maradhi ya moyo walikuwa na kunyanzi katika ndewe, lipitalo mshazari kutoka penye tundu la sikio hata ukingo wa nyuma. Tangu hapo alama hiyo huitwa kwa jina lake. Yaonekana hata katika sanamu za mawe za Hadrian, Kaisari wa Roma aliyefariki mwaka 138, naye yasimuliwa kwamba mwisho wa maisha yake mwili ulivimba kwa maji.

Je, kunyanzi hilo ndilo ugonjwa? Sivyo. Huzidi kadiri ya miaka. Wazee wengi wanalo wala moyo hauwasumbui, na wengine hufa kwa moyo hali ndewe zao ni laini. Tena ndewe zilizonyoshwa kwa mapambo, kama zile za Wamasai, haziwezi kusomwa hivyo.

Ziko dalili nyingine zilizo wazi zaidi. Mwenye jongo la siku nyingi huweza kuota vinundu vigumu ukingoni mwa sikio. Navyo ni chumvi ya asidi ya yuriki, ile ile iumizayo viungo vyake. Na mtoto azaliwaye na sikio lisilotimia umbo, yapasa apimwe usikivu mapema. Maana asiyesikia vema huchelewa kunena, kisha shuleni huadhibiwa kama mkaidi, naye hana kosa.

Basi tukiona kunyanzi katika sikio la mtu, tusimtabirie kifo, bali tumwulize: Je, kifua humbana apandapo kilima? Pumzi humwishia upesi? Akikiri, apelekwe hospitali bila kukawia, awe na kunyanzi au asiwe nalo. Wahenga walinena, *Sikio halipiti kichwa*. Vivyo hivyo alama ya sikioni haipiti maneno ya mgonjwa mwenyewe.