Je, Wajua Tanuri la Kuni Nalo Hutegemea Umeme?

Je, wajua kwamba katika maeneo ya baridi ya Marekani na Kanada zipo nyumba zinazopashwa joto kwa kuni, lakini umeme ukikatika hukosa joto hilo vyumbani? Tanuri lenyewe hukaa besimenti, yaani chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Ni sanduku la chuma la kuchomea magogo, lililozungushiwa koti la bati. Moshi hutokea kwenye dohani. Hewa safi hupita kati ya chuma na bati, ikapata moto, kisha feni huisukuma vyumbani kupitia mabomba. Themostati ikihisi sebule imepoa, hufungua kilango cha hewa ili moto uchochewe. Joto likitosha, hukifunga. Kuni hutoa joto, umeme hulitawala. Ndiyo maana waya wa tanuri hili haupaswi kupimwa kama waya wa taa: ni sehemu ya usalama wa nyumba.

Uzito wa jambo hili huonekana feni inaposimama. Tanuri la gesi likikosa umeme, vali hufunga na moto huzimika papo hapo. Magogo hayana vali. Yataendelea kuwaka, na joto lisilosukumwa popote litajikusanya ndani ya koti la bati hadi liweze kupinda mabati, kuunguza waya, hata kuwasha mbao zilizo karibu. Kwa sababu hiyo vilango vingi vya hewa huundwa vijifunge vyenyewe umeme unapopotea. Lakini kilango hupunguza moto tu. Makaa yaliyokwisha kushika hubaki na joto kwa saa nyingi.

Wapo wanaosema feni hula umeme mdogo, mara nyingi chini ya wati 1,000, basi iunganishwe kwenye soketi yoyote iliyo karibu. Hoja hii inaangalia kiasi cha umeme na kusahau majirani wa feni kwenye waya huo. Friza au mashine ya kufulia ikiangusha breka usiku wa manane, feni nayo itazimika huku tanuri limejaa magogo na wenye nyumba wamelala juu yake. Kanuni za umeme za taifa la Marekani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1897, zinataka mtambo mkuu wa kupasha nyumba joto upewe sakiti yake peke yake. Kwa kawaida hiyo ni sakiti ya volti 120 yenye breka ya ampea 15, swichi ya kuzimia iliyo karibu na tanuri, na waya wa athi uliofungwa barabara. Waya upitishwe mbali na dohani, kwa kuwa plastiki ya nyaya za kawaida za nyumbani hapo haivumilii joto linalozidi nyuzi 90 za Selsiasi.

Wengine watauliza: kuni zina faida gani basi, kama haziwezi kutuokoa umeme unapokatika? Swali ni la haki. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliwaacha mamilioni ya watu gizani mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani, wengine kwa wiki kadhaa. Jibu ni kujiandaa mapema kwa jenereta, tena jenereta iliyofungwa kupitia swichi ya kubadilishia umeme. Bila swichi hiyo, umeme wake unaweza kurudi kwenye nguzo na kumuua fundi anayezitengeneza. Nayo jenereta ikae nje, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi huua bila kunuka.

Kwa msomaji uliyehamia Maine, Minnesota au Ontario na ukakuta tanuri kama hili chini ya nyumba yako: kabla ya kununua kuni za msimu, mwite fundi umeme mwenye leseni akague sakiti, swichi na athi. Usiwashe gogo la kwanza kabla hajamaliza.