UZI: "Kaeni tu, miaka 12 ikipita shamba ni lenu." Je, ni kweli?

Kila msimu wa kampeni huku kwetu, kuanzia Kongowea mpaka Likoni, kuna maneno lazima utayasikia jukwaani: "Msitishwe na mtu, kaeni hapo hapo, miaka kumi na mbili ikipita shamba ni lenu." Makofi. Kesho yake mwingine anapanda jukwaa la pili anasema mwenye hatimiliki ndiye mwenye ardhi, hakuna mjadala. Makofi vilevile. Mimi nakaa Nyali, na mabishano haya yakianza inboksi yangu hujaa swali moja: nani anasema kweli?

Sitaji chama wala mtu. Wote wawili wanakupa nusu ya sheria, na nusu hiyo inaweza kukuvunjishia nyumba.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya. Kifungu cha 7 kinasema mwenye ardhi akinyang'anywa ana miaka 12 ya kwenda kortini kuidai. Ikipita, kifungu cha 17 kinaua haki yake. Kifungu cha 38 kinamruhusu aliyekaa pale aende mahakamani aombe jina lake liandikwe kwenye rejista. Na si sheria ya zamani iliyosahauliwa: mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikiketi Malindi iliulizwa kama jambo hili linavunja haki ya kumiliki mali kwenye Katiba ya 2010. Ikasema halivunji.

Kwa hivyo yule wa "hatimiliki ndiyo mwisho wa maneno" amekosea. Hatimiliki inaweza kuwa kwenye kabati, imepigwa muhuri, na haki iliyo nyuma yake imeshakufa.

Lakini sasa sikilizeni wale wa "kaeni tu."

Kwanza, saa hii haitembei juu ya ardhi ya umma. Kifungu cha 41. Kaa miaka 12, kaa 40, kama ni ardhi ya serikali hujapata kitu. Mbaya zaidi: kama ilikuwa ya serikali na baadaye mtu akagawiwa na kupewa hati, unaanza kuhesabu siku ile ilipoingia mikononi mwa mtu binafsi. Miaka ya babu yako haihesabiwi. Ndiyo maana mtu anaweza kuniambia "sisi tuko hapa tangu kabla ya uhuru," akawa anasema kweli tupu, na bado akashindwa kesi.

Na hili linakata pande zote. Kuna kiwanja cha ufuoni hapa Nyali kilichogawiwa mwaka 1989, kikauzwa, kikafika kwa kampuni fulani. Septemba 2017 kaunti ikavunja ukuta ili watu wapate njia ya kwenda baharini. Kampuni ikashtaki, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Aprili 2023 majaji wakasema ile ilikuwa ardhi ya umma, haikugawiwa kwa utaratibu, na anayenunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati ambayo mzizi wake umeoza. Umma haukunyang'anywa na miaka. Wenye makasri wajue hilo, sio sisi wa vichochoroni peke yetu.

Pili, ruhusa. Hapa ndipo Kisauni nzima inapokwama. Mnajua mtindo wetu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, umejenga kwa jasho lako, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Watu wananitumia picha za risiti za miaka 20, wamezihifadhi vizuri kwenye mfuko wa plastiki, wakidhani ndio ushahidi wao. Jamani, ule ni ushahidi wa mwenye ardhi. Kila risiti inasema ulikuwa pale kwa idhini yake, na anayekaa kwa idhini hahesabiwi hata siku moja. Kama hakuna mkataba wa maandishi, kifungu cha 12 kinaanza kuhesabu pale kodi ya mwisho ilipopokelewa. Ulilipa mara ya mwisho 2016? Basi anzia 2016, na bado itabidi uithibitishe.

Vilevile ukikaribishwa na shangazi kwenye shamba lake, wewe ni mgeni. Mgeni hata akae miaka 30 ni mgeni.

La tatu ndilo linaloniudhi, kwa sababu wanasiasa ndio wanaolifanya. Anakuja kijijini, anaitisha baraza, anawaandikisha watu kwenye karatasi: "Sisi wakaaji tunamwomba mwenye shamba fulani atuuzie." Watu mia wanatia sahihi na vitambulisho. Nia inaweza kuwa nzuri. Lakini kifungu cha 23 kinasema mkaaji akimtambua mwenye ardhi, kwa maandishi yenye sahihi, saa inarudi sifuri. Ulikuwa umebakisha miezi minane, sasa una miaka 12 mingine. Na mwanasiasa keshaondoka na picha zake. Kabla hujatia sahihi karatasi yoyote yenye jina la mwenye shamba, mwonyeshe wakili.

Upande wa wenye ardhi nao wana ndoto zao. Wengi, hasa walio mbali, wanadhani barua ya "nakupa siku 30 uhame" inasimamisha saa. Haisimamishi. Tangu 1984 Mahakama ya Rufaa ilishasema: saa husimama mwenye ardhi akifungua kesi, au akiingia na kuitwaa ardhi yake kikweli. Barua, simu na vitisho kupitia kwa mzee wa mtaa haviingii. Na kumuuzia mtu mwingine hakusaidii pia. Mnunuzi anairithi ardhi pamoja na saa yake inavyotembea. Ukinunua ploti Utange au Mtopanga, usifanye sachi ya karatasi peke yake. Nenda ukaone nani anaishi pale, na uulize tangu lini.

Sasa tuseme umetimiza masharti: ardhi ya mtu binafsi, hukuingia kwa kificho wala kwa nguvu, hukuwa na ruhusa, na miaka 12 imepita mfululizo. Haiji yenyewe. Unafungua ombi kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, unaambatanisha nakala ya rejista iliyothibitishwa, unaonyesha kipande hasa unachokidai na mipaka yake. "Sisi sote tunakaa humu" haitoshi. Wengi huanguka hapo, kwenye mipaka.

Kuna mtu ataniuliza: na Likoni je, shamba la Waitiki? Swali zuri. Watu waliingia pale baada ya fujo za 1997, na Januari 2016 wakapewa hati. Lakini haikuwa saa ya miaka 12. Serikali ililinunua lile shamba, zaidi ya ekari 900, kwa shilingi bilioni 1.1. Anayewaambia "fanyeni kama Waitiki" aeleze pia bilioni nyingine itatoka bajeti gani.

Kwa nini mambo haya yanachoma Pwani kuliko kwingine? Kwa sababu shida yetu ilianza na muda wa mwisho. Mwaka 1908 wakoloni walileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani: kila anayedai ardhi ajitokeze na kudai ndani ya muda uliowekwa, isiyodaiwa inakuwa ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na karatasi na habari walidai. Wamijikenda wengi hawakudai, maana ardhi yao haikuwa ya karatasi. Wajukuu wao ndio leo tunawaita maskwota.

Dawa ya dhuluma ile ilikuwa Tume ya Taifa ya Ardhi, iliyopewa kusikiliza dhuluma za kihistoria za kuanzia 15 Juni 1895 mpaka 27 Agosti 2010. Nayo ikawekewa saa: malalamiko yaletwe ndani ya miaka mitano tangu sheria ya Septemba 2016 ianze kufanya kazi. Ikafungwa Septemba 2021. Mwaka 2023 mswada wa kuufungua tena mlango ukapelekwa bungeni. Niambieni, katika miaka ile mitano, ni majukwaa mangapi mliyasikia yakisema "leteni malalamiko yenu kabla ya Septemba"? Mimi nilisikia sana "kaeni tu."

Saa nyingine fupi fupi, maana mtaniuliza: deni la mkataba, miaka 6. Madhara kama ajali, miaka 3. Madai ya kazi, miaka 3. Mtu akikuchafulia jina, miezi 12 tu, kwa hivyo wale wanaotishia kunishtaki kwa nyuzi za zamani, pole. Na hii muhimu kwa waliobomolewa: ukiidai fidia serikali kwa madhara iliyokufanyia, ni miezi 12, na kama ni mkataba nayo, miaka 3. Trakta likipita kwako Machi, usingoje uchaguzi wa mwaka kesho kutwa.

Mtoto mdogo ana nafuu, na aliyetapeliwa pia: kwa utapeli, saa huanza siku alipougundua au alipopaswa kuugundua kama angekuwa makini. Siku ya utapeli wenyewe haihesabiwi.

Maswali wekeni chini, nitajibu jioni baada ya magharibi. Nambari za ploti na majina ya wenye ardhi msiweke hadharani. Na wewe uliyeniuliza juzi kuhusu ile karatasi ya baraza la Jumamosi: nimekujibu inboksi, isome kabla hujaenda.