Picha ya Mto, Hela ya Ukumbi

Jamani, kuna zawadi zinazoleta mapenzi na kuna zawadi zinazoleta kesi. Yangu ilileta vyote viwili.

Nilikuwa London kwa kozi ya miezi mitatu, harusi ikikaribia. Katika duka la vitu vya kale nikaiona: mto Yangtze, majahazi, na katikati kisiwa cha Jinshan, yaani Mlima wa Dhahabu, mahekalu yamepanda hadi kileleni. Muuzaji akaniambia imetoka kwenye kitabu cha mwaka 1843 chenye michoro ya Mwingereza Thomas Allom. Nikalipa. Hela, naombeni mnisitiri, ilikuwa ya akiba yetu ya ukumbi.

Nilipotua Dar nikamkabidhi mchumba wangu. Alifurahi kweli. Kesho yake akaniita: "Mamii, huyu Allom hakuwahi kukanyaga China! Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa hela ya ukumbi." Risiti nilikuwa nimeisahau kwenye bahasha.

Ni kweli hakufika. Allom alikuwa msanifu majengo, akachora upya kazi za waliofika, akiwemo William Alexander aliyesafiri na ujumbe wa balozi Macartney mwaka 1793. Vita vya Kasumba vilikuwa vimeisha mwaka 1842 tu, na Waingereza walitaka kuiona China bila kutoka sebuleni kwao.

Lakini picha si feki. Mchongaji alichora mstari mmoja mmoja kwenye bamba la chuma cha pua. Bamba la shaba huchakaa mapema. La chuma lilitoa maelfu ya nakala, ndiyo maana hata sie wa mshahara tunazimudu. Shika lenzi uangalie: ukiona mistari safi, sawa. Ukiona vidoto vilivyojipanga kama vya picha ya gazetini, kimbia, hiyo imechapwa juzi. Na rangi zisikubabaishe, mara nyingi zilipakwa kwa mkono baadaye.

Hayo yote nilimweleza kwa mbwembwe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mimi sina shida na Allom. Hela mbona hukuniambia?"

Hapo nikaishiwa maneno.

Niliirudisha kwa mishahara mitatu. Picha iko sebuleni, na ajabu ni kwamba yeye ndiye anayewaeleza wageni kuwa Jinshan si kisiwa tena, mchanga wa mto ulishakiunganisha na nchi kavu. Bei hataji, na mimi simkumbushi.